Kozi ya bunduki za kushindilia za milimani Marekani: nimelipia, nimeimaliza, maoni yangu haya

Habari zenu wadau, na mbukwa kwa wa Dodoma wenzangu. Kabla hamjaanza kunitilia mashaka niseme mapema, mi ni seremala, nina kibanda Chang'ombe hapa Dom, natengeneza vitanda, makabati na milango, bunduki sina na wala sitafuti. Nilicholipia ni kozi ya historia, masomo tisa ya video, kuhusu zile bunduki za zamani za kushindilia baruti mdomoni zilizokuwa zinatengenezwa na wahunzi wa vijijini kwenye milima ya Appalachia, yaani Tennessee ya mashariki, North Carolina ya magharibi, Virginia, Kentucky, mpaka Georgia ya juu huko. Kwa lugha ya nyumbani ni magobore ya Wazungu wa milimani, ingawa mwalimu wa kozi angenisikia nikisema hivyo angenuna, na sababu ya kununa kwake nitaieleza maana ndo kitu kikubwa nilichotoka nacho humo.

Kilichonipeleka huko ni babu. Babu mzaa mama alikaa Mpwapwa na alikuwa na gobore, alilindia shamba la mtama, nyani na nguruwe pori walikuwa wanamjua kwa jina. Siku moja likapita tangazo la kusalimisha silaha kwa msamaha, babu hakubishana na mtu, akalifunga gobore lake kwenye kanga ya bibi akalibeba akaenda kulikabidhi akarudi mikono mitupu, na tangu siku hiyo mle ndani halikuongelewa tena. Kilichobaki ni mdeki tu, ule ufito wa chuma wa kushindilia, kwa sababu aliusahau darini. Bibi akaona chuma kizuri hakitupwi, akaufanya fimbo ya pazia, na upo hadi leo mlango wa chumbani kwake na pazia la maua mekundu. Shikilieni huo mdeki, nitaurudia.

Sasa tuanze na ununuzi maana hapo ndo wengi mnakwama. Bei ni dola 35, ni kadi tu, hakuna cha kulipa kwa namba ya simu wala kulipa nusu. Nikafungua kadi ya mtandaoni kupitia simu, mara ya kwanza ikagoma, mara ya pili hela ikakatwa na video hazikufunguka, nikawaandikia kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, wakakaa siku mbili ndo wakajibu, wakaomba radhi wakanifungulia. Siwalaumu sana ila hizo siku mbili mke wangu alikuwa ananiangalia lile jicho la "umeshaliwa". Halafu video hazishuki kwenye simu, unatazama ukiwa hewani, somo moja ni dakika 40 hadi 50, nikipiga hesabu ya bando nikaona bora nitafute waifai. Nikawa naenda steshenari moja karibu na Nyerere Square jioni nikifunga kazi, dogo wa pale ananikodishia kompyuta kwa saa, na mpaka somo la nne naye alikuwa ameshavuta kiti anaangalia, wateja wa fotokopi wanasubiri. Huyo dogo anastahili nyota tano peke yake.

Mwalimu ni mzee wa kizungu mwenye ndevu nyingi, suruali ya mikanda ya begani, yuko kwenye karakana yake na moto unawaka nyuma. Anaongea kupitia puani, maneno yanaungana, na yale maandishi ya chini yanayojiandika yenyewe nayo hayamwelewi, kuna mahali kasema jina la mhunzi pale chini ikaandikwa "maharage". Baadaye nikaelewa, kuna ukoo maarufu wa wahunzi wa bunduki Tennessee unaitwa Bean, mashine ikadhani wanaongelea mboga. Kwa hiyo kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji jiandae kurudisha nyuma nyuma kila dakika.

Somo la kwanza ni la kawaida, la asili. Wahunzi Wajerumani na Waswisi walihamia Pennsylvania miaka ya 1700 mwanzoni wakiwa na bunduki zao za kuwindia, fupi nene zenye michirizi ndani ya mtutu. Maeneo ya Lancaster wakaanza kuzirefusha na kuzipunguza unene, mtutu ukawa mrefu hadi inchi 44 na zaidi, kisha vizazi vyao vikashuka kusini kwa ile barabara ya mikokoteni iliyotoka Philadelphia ikapita bonde la Shenandoah hadi Carolina, na kila walipopata bonde lenye maji na mkaa wakawasha moto. Jambo la kuchekesha, bunduki hizo zikaja kuitwa za Kentucky wakati nyingi zilitengenezwa Pennsylvania, Kentucky zaidi zilikwenda kutumika. Ni kama zabibu zetu za hapa ziitwe za Kariakoo kwa kuwa ndo zinakouzwa.

Sasa hiyo michirizi. Mzee alitumia dakika kumi nzima na mi nasema alikuwa na haki, maana nilikuwa sijui kabisa, nilidhani bunduki ni bomba tu na nguvu. Kumbe ndani ya mtutu kuna mifereji imekatwa kwa kuzunguka taratibu, mara nyingi saba, inazunguka mara moja tu kwa kama inchi 48, na risasi ya duara inavishwa kitambaa kilichopakwa mafuta ndo inashindiliwa, hicho kitambaa kinashika mifereji, risasi ikitoka inatoka inazunguka. Mtoto yeyote aliyecheza pia anajua, pia ikizunguka inasimama, isipozunguka inalala. Bunduki ya askari wa enzi zile haikuwa na michirizi, hatua 80 ukipiga mtu ni bahati yako na yake mbaya, hii ya milimani mtu anayeijua anaaminiwa hatua 200. Ubaya wake ni taratibu kuishindilia. Hapo ndo nilipoelewa kwa nini mzee angenuna, kwa sababu gobore letu kwa kawaida halina michirizi, ni bomba laini, kwa hiyo kwa sura ni ndugu lakini kwa tumboni si ndugu kabisa.

Somo la tatu ndo thamani ya hela yote, na kama mngekuwa mnaweza kulinunua peke yake ningesema nunueni hilo mlale. Ni la kutengeneza mtutu kwa mkono. Bapa la chuma linachomwa mpaka linang'aa, linakunjwa kuzunguka nondo, linagongwa inchi kwa inchi mpaka kingo mbili zishikane zenyewe kwa moto na nyundo, hakuna ya kuchomelea ya umeme hapo. Mmoja anavuta mivukuto, mwingine ameshika koleo, wa tatu anapiga, na ukichelewa kidogo chuma kinapoa unarudia. Likishashikana lote linaingia kwenye kutobolewa na keekee ndefu, siku na siku. Kisha ndo michirizi, na hapa nilisimama kabisa kwenye kiti: kuna gogo la mbao limechongwa mizunguko kama skrubu kubwa, linavutwa na kurudishwa kwa mkono, mbele yake ufito wenye jino dogo la chuma, kila mvuto unakwangua unga kidogo tu kama wa msasa, unamaliza mfereji mmoja unageuza wa pili mpaka saba, halafu unaweka kipande cha karatasi chini ya jino lichomoze unene wa karatasi, unaanza tena upya wote. Karatasi! Mi nikiwa na randa isiyokata vizuri huwa naweka kipande cha boksi la sigara chini ya kisu, nilidhani ni ujanja wangu wa Chang'ombe.

Mzee akasema kule Williamsburg, Virginia, kwenye ule mji wa makumbusho, kulikuwa na fundi anaitwa Wallace Gusler ambaye karne iliyopita alitengeneza bunduki nzima kwa njia hizo za zamani, mtutu, mtambo wa kufyatulia, mbao, kila kitu, wakati watu walishaamini hakuna tena awezaye. Na kabla ya hapo huko Tennessee kulikuwa na Hacker Martin, ambaye karne ya 20 viwanda vikiwa vimejaa kila kona yeye aliendelea tu na nyundo. Dogo wa steshenari akaniuliza "sasa kwa nini asinunue tu?" nikamwambia na we mbona unakula ugali wa kusonga kwa mwiko wakati mikate ipo.

Somo la nne ni la mbao na vyuma vyake, hapo sasa nilikuwa nyumbani. Bunduki za mjini Pennsylvania zilipambwa kwa shaba, nakshi, kijumba cha shaba kwenye kitako cha kuwekea vitambaa. Za milimani nyingi hazina shaba kabisa, vyuma vyote vimefuliwa hapo hapo na mhunzi, vyeusi, vyembamba, na kuna zile za bei ya chini kabisa ambazo hata bamba la kitakoni hazina, mbao tupu. Badala ya kijumba cha shaba wanatoboa tundu tu kwenye kitako wanajaza mafuta ya mnyama, ukitaka kupaka kitambaa unachovya kidole hapo. Nilicheka peke yangu. Seremala gani hapa mjini hana kipande cha sabuni au mshumaa mfukoni wa kupaka skrubu isigome? Wao wametoboa tundu kwenye chombo chenyewe ili wasikisahau nyumbani. Tennessee wana kifuniko kingine chembamba cha chuma kilichopinda kama ndizi mbivu, kizuri hicho, nimekichora kwenye daftari nataka nikiweke kwenye droo za kabati la mteja.

Mbao zao ni mjozi au mepoli, ile mepoli yenye mawimbi ya kupita kama manyoya ya pundamilia. Rangi wanaipata kwa tindikali iliyokwisha kula vipande vya chuma, wanapaka, wanasogeza chuma cha moto karibu, mbao inaanza kuwa kijanikijani mbaya mtu anadhani imeharibika mara inageuka kahawia nyekundu. Kuna wenzangu humu mjini wanatumia rangi ya kiatu wanasema ni mninga, wajitathmini.

Na kitu kimoja kuhusu ubahili, maana watu wa milimani walikuwa wanahesabu kila punje. Bunduki ya askari ilimeza risasi kubwa, ratili moja ya risasi (kama nusu kilo) unatoa vidonge kama 14. Za milimani nyingi tundu lake ni milimita 8 hadi 11 tu, ile ndogo ndogo ratili hiyo hiyo inatoa vidonge zaidi ya 100. Baruti nayo kidogo kwa kila mlio. Ndo maana bunduki za kisasa zilipokuja hawakukimbilia, risasi za kiwandani unanunua kila siku, hii unayeyusha mwenyewe jikoni. Mpaka miaka ya 1900 mwanzoni bado kuna mabonde walikuwa wanazitengeneza na kuzitumia. Na walikuwa na mashindano ya kulenga shabaha, zawadi ni ng'ombe, anakatwa robo nne na fungu la tano ni ngozi na mafuta, mshindi anachagua kwanza. Mgogo hahitaji kutafsiriwa hiyo.

Somo la tano ni la mtambo wa kufyatulia, fupi lakini lina mambo. Wa zamani ni wa jiwe, wazee wetu wa pwani walishauita gumegume kitambo, jiwe linagonga chuma cheche inaangukia baruti ya kisahani inaingia tundu ndani. Halafu ukaja wa fataki, na hapa simaanishi yule fataki wa matangazo ya redio anayerubuni wanafunzi, ni kile kikofia kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa. Aliyeanzisha hilo wazo alikuwa mchungaji wa kanisa huko Uskoti, Alexander Forsyth, hati yake ya ugunduzi ni ya 1807, na kisa chake ni kwamba akiwinda ndege ule moto wa kisahani ulikuwa unawashtua wanaruka kabla risasi haijafika. Mchungaji mzima, badala ya kuandaa mahubiri anawaza bata.

Ila kilichonigusa humo ni hiki: mitambo hiyo wahunzi wengi wa milimani hawakutengeneza, walinunua dukani, na mingi ilitoka Uingereza, Birmingham. Yaani ile bunduki "ya milimani kwa mikono mitupu" inayosifiwa hivyo, kiungo chake chenye kazi kubwa kilivuka bahari kwenye sanduku la mfanyabiashara. Mzee alilisema kwa haraka kama mtu anayepita kwa mwenye deni lake. Mi nilirudisha nyuma nikasikiliza mara tatu.

La sita ni vita, la mlima Kings Mountain, 7 Oktoba 1780, kwenye vita vya Wamarekani kudai uhuru, watu wa ng'ambo ya milima walikusanyika Sycamore Shoals, Tennessee ya leo, wakavuka na bunduki zao wakawazunguka wafuasi wa mfalme wa Uingereza waliokuwa juu ya kilima, saa moja na dakika chache imeisha na kamanda wao Patrick Ferguson kafa. Huyo Ferguson naye mwenyewe alikuwa amebuni bunduki ya kujazwa kwa nyuma, isiyohitaji mdeki, akauawa na watu wa mdeki. Wamarekani wanapenda sana hii hadithi, video ina ngoma na moshi. Mi nilimpenda mama mmoja aliyetajwa dakika mbili tu, Mary Patton, alikuwa na kinu cha baruti na ndiye aliyewapa kama ratili 500 za kwenda nazo. Shura (ile chumvi ya baruti), mkaa na kiberiti cha unga yaani salfa, sehemu 75, 15 na 10, ndo mchanganyiko uliozoeleka wa baruti ya kale. Wanaume wana sanamu, mama wa baruti ana dakika mbili.

Hapo kozi ikaanza kunichosha. Somo la saba ni dakika 50 za kuonyesha bunduki moja baada ya nyingine, hii ya ukoo wa Bean, hii ya ukoo wa Gillespie wa Mills River, angalia mkia wa chuma ulivyoshuka, angalia tako lilivyojikunja kama mwezi mchanga, na bei walizouziwa matajiri. Kama wewe si mkusanyaji wa vitu vya kale utasinzia. La nane ni kama hilo hilo. Na muziki wa banjo chini kwa chini hauzimiki.

Ila kinachonikera kweli ni kingine. Shura ya baruti walikuwa wanaipata kwenye udongo wa mapangoni, na pango refu kuliko yote yanayojulikana, Mammoth Cave la Kentucky, wakati wa vita vya 1812 vya Marekani na Uingereza waliochimba humo ni watumwa weusi. Mzee kasema "labor was hard", kazi ilikuwa ngumu, akaendelea. Kazi ilikuwa ngumu kwa nani? Hakusema. Na Wacherokee waliokuwa wenye milima hiyo, ambao nao walizitumia bunduki hizo hizo, mwaka 1838 walitolewa kwa mtutu wakatembezwa kwa miguu kwenda magharibi na wengi wakafia njiani, hao wamepata sentensi moja. Nilisoma mwenyewe pembeni ndo nikajua ukubwa wake. Kozi ya dola 35 inayojua unene wa karatasi chini ya jino haiwezi kushindwa kujua nani alikuwa pangoni. Nimewaandikia hilo kwenye fomu yao ya maoni, bado kimya.

Afrika nayo haipo kabisa, hiyo nilitegemea, ila baada ya somo la tano nikaanza kufukua mwenyewe, na nitaandika hapa maana watu wa kanda ya kati inatuhusu. Mpwapwa kwa babu ilikuwa kituo cha misafara, ukitoka Bagamoyo unapumzika pale, unajaza maji, kisha unaingia Marenga Mkali, eneo kavu hilo, ndo unafika Ugogo. Burton na Speke walipita 1857, Stanley 1871, na watemi wa Kigogo walikuwa wanatoza hongo, ushuru halali kabisa wa kupita na kunywa maji, sijui nani aliliharibu hilo neno baadaye. Misafara ilipita na bunduki nyingi za kushindilia. Na zilizidi kumiminika kwa sababu majeshi ya Ulaya miaka ya 1860 na 1870 yalihamia kwenye bunduki za kujazwa kwa nyuma, zile kuukuu zikatafutiwa soko, Zanzibar likawa soko mojawapo. Kwa maana nyingine tulivalishwa mitumba kabla ya mitumba. Halafu 1890 wakubwa wakakaa Brussels wakaandika mkataba, bunduki za kisasa na zenye michirizi marufuku kuingizwa kwa Mwafrika, za gumegume zisizo na michirizi ruksa. Soma tena hapo. Ndo nikajijibu swali langu la michirizi, kwamba gobore letu kuwa bomba laini si kwa sababu fundi wetu alikuwa mjinga wa kukata mifereji, kuna watu walikaa mezani wakaamua tuishie hapo. Miaka mitatu baadaye, Januari 1893, mtemi Isike wa Unyanyembe alipoona Wajerumani wameingia ndani ya boma lake pale Tabora alijilipua na baruti yake aliyoihifadhi kuliko kukamatwa.

Somo la tisa likanirudisha kwenye mood nzuri kidogo. Linaeleza jinsi ufundi ulivyookolewa, chama chao cha wapiga bunduki za kushindilia kilianzishwa 1933 na wanakutana Friendship, Indiana, hadi leo, na huko Rabun County, Georgia, mwaka 1966 wanafunzi wa sekondari walianza kwenda kuwahoji wazee wao vijijini jinsi ya kujenga nyumba za magogo, kuchinja nguruwe, kufua chuma, mpaka bunduki, wakachapisha. Wanafunzi wa sekondari! Walimu wa historia wa hapa Dom mnasoma? Mna wazee Mvumi, Kondoa, Kongwa, na kila mwanafunzi ana simu ya kurekodi.

Basi maksi zangu ni tatu na nusu kwa tano. Kama wewe ni seremala, mhunzi, fundi chuma au mwalimu, nunua, masomo la kwanza hadi la tano yanalipa. Kama unataka kuona milipuko na mapigano, hapana, utachoka la pili. Na kama kuna mtu anadhani atajifunza kutengeneza silaha, kwanza kozi haifundishi hivyo, ni historia, pili sheria ya silaha ya 2015 ipo na inamngoja, usije ukasema seremala wa Chang'ombe ndo kakutuma. Ushauri wa mwisho wa kibiashara, subirini mwisho wa mwaka, dogo wa steshenari kaniambia ameona wameshusha hadi dola 20, roho imeniuma.

Sasa mdeki. Wiki mbili baada ya kumaliza nilikuwa na kazi ya milango Mpwapwa, nikapita kwa bibi. Nimefika tu, "mume wangu leo umekumbuka nyumbani," nikamwambia nimekuja kumwona mke mwenzio, huyo wa pazia. Akacheka. Nikashusha pazia nikatoa mdeki nikaupeleka nje kwenye mwanga na futi yangu.

Nyumbani siku zote tuliambiwa gobore la babu lilitengenezwa na fundi mmoja wa milimani Kibakwe, ndo sifa yake hiyo. Mzee wa kozi alisema mdeki unalingana na mtutu, upungue au uzidi kidogo, kwa hiyo hata bunduki ikipotea ukiwa na mdeki unajua mtutu ulikuwa mrefu kiasi gani. Nikapima, sentimita 112, inchi 44. Mrefu kabisa, mtutu wa gobore la kuunga mabomba sijawahi kusikia unafika huko. Ncha moja imetuna kama tarumbeta. Nikasugua ncha ya pili kwa msasa, kutu ya miaka na uchafu wa moshi wa jikoni vikatoka, chini yake kukatokea uzi wa skrubu, mwembamba, umekatwa sawasawa kabisa, ule wa kufungia kisafishio. Hiyo si kazi ya moto na nyundo, huo uzi umekatwa na mashine, kiwandani, na mideki ya namna hiyo ndo aliyoionyesha mzee kwenye bunduki za majeshi.

Kwa hiyo ama babu alikuwa na bunduki ya askari wa Ulaya iliyopita hapo na msafara, ama fundi wa Kibakwe aliupata mtutu wa kigeni akauvisha mbao zake, kama wale wa Tennessee walivyonunua mtambo wa Birmingham na bado bunduki ikawa yao. Mi naamini hilo la pili, maana kitako nakikumbuka, kilikuwa mninga na kimetobolewa tundu kwa chini ambalo tulipokuwa watoto tulidhani ni la mdudu, tulikuwa tunachomeka njiti humo. Lilikuwa linanuka mafuta ya kondoo.

Nikamweleza bibi yote hayo nimekaa kwenye kigoda, inchi, uzi, Birmingham. Akanisikiliza vizuri tu mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa mume wangu, nimekuelewa. Sasa rudisha pazia langu, watu wanapita."